Mtoto wa Nidhamu

Nilimwandika mbuzi dhambi za kanisa zima. Wacha niseme hivyo mara moja nimalize, kwa sababu Kathonzweni yote kila mtu ana hadithi yake kuhusu ile siku, na zote ni za uongo. Wengine wanasema nilimpaka rangi ya shetani. Wengine wanasema mbuzi aliongea. Hakuongea. Nilichukua maka peni nyeusi ya maabara ya shule, ile ya kuandika majina ya asidi kwenye chupa, nikamlaza mbuzi mweupe wa susu nyuma ya choo, nikamkalia, nikamwandika ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto kama ukuta wa stendi. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Sikuwa nimelewa, sikuwa nimetumwa, na hakuna rafiki mbaya wa kulaumiwa. Rafiki mbaya wa watu wengine ni mimi.

Susu ni nyanya yangu, mama ya mamangu. Mbuzi alikuwa wake, na alikuwa amemwahidi Mungu kwamba atamtoa sadaka ya shukrani kwa vile mguu wake ulipona. Jumapili mbuzi alikuwa aende kanisani, afungwe nje na kuku na mapapai ya watu wengine, halafu baada ya ibada apigwe mnada. Kwa hivyo niliharibu mali ya susu na mali ya Mungu kwa kalamu moja. Hata hiyo kalamu ilikuwa ya serikali.

Sasa hasira. Watu huuliza, “Lakini kwa nini?” kama vile sina sababu. Sababu ni benchi.

Kanisa letu ni la mabati, na liko karibu sana na boma letu. Susu akichelewa ibada anaitikia wimbo akiwa bado jikoni. Ndani kuna benchi nzuri, zote zina mgongo wa kuegemea. Halafu kuna moja ya nyuma kabisa, kando ya mlango, pale vumbi la barabara linapoingilia. Hiyo ni ubao juu ya matofali. Haina mgongo. Ina msumari. Huo msumari naujua kuliko mistari yote niliyowahi kukariri Sunday school, kwa sababu umenichania suruali nne na mistari yote nimesahau.

Hapo ndipo anakaa mtu aliye chini ya nidhamu. Kwetu msichana akipata mimba kabla ya harusi wazee wanamweka nidhamu: anakaa nyuma, haimbi kwaya, hagusi Meza ya Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele ya watu wote asome karatasi ya kutubu. Akishasoma, wazee wanamshika mkono mmoja mmoja, kwaya inaimba, anahamia mbele. Wengi wanamaliza kwa miezi sita. Mamangu amekaa huko miaka kumi na saba. Mimi nina kumi na sita na nusu. Piga hesabu.

Ndiyo maana naitwa mtoto wa nidhamu. Niliitwa hivyo kabla sijajua kuvaa kaptura. Mgeni akisikia anafikiri ni sifa. “Aa, mtoto wa nidhamu! Vizuri sana!” Na mimi nasema asante, halafu naweka chura kwa kofia yake. Nimekuwa nikichekesha watu tangu darasa la pili, na siri yake nitakupa bure: mimi hucheka kwanza ndiyo wengine wasinianze.

Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi sikuwa nacheka. Siku hiyo ni Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa anapita na sinia la vikombe vidogo vya juisi nyekundu, benchi kwa benchi, na akifika yetu analiinua. Hapiti kando. Analiinua juu ya kichwa cha mamangu kama mtu anayevusha kuni juu ya ng'ombe aliyelala, analipeleka kwa mabawabu wa mlangoni, analirudisha tena juu. Mara mbili. Mamangu anaangalia mbele. Ana uso mmoja anaouvaa siku hiyo tu, na huo uso ndio ulinifanya niwe mtu wa hasira. Nikiwa na miaka mitano nilinyoosha mkono nichukue kikombe na akanifinya paja hadi leo nikiguswa hapo nakumbuka kiu.

Na yule mwanamume? Swali zuri. Kanisa halikuuliza, wewe umeuliza. Alikuwa kwaya hiyohiyo ya mamangu, sauti ya chini, na tumbo lake halikufura, kwa hivyo hakuna aliyemwona. Alienda kukaa kwa mjomba wake Matinyani, huko upande wa Kitui, na mwaka uliofuata ikaja barua ya kanisa la huko ikisema ni kijana safi. Akafunga harusi ya magari yenye maua. Siku hizi nasikia ni mzee wa kanisa, anavaa tai, anafundisha vijana jinsi ya kujitunza. Nimeenda Matinyani mara moja tu, na timu ya mpira ya shule. Tulifungwa nne. Mimi sikuona hata bao moja, nilikuwa nakagua sura za wanaume kando ya uwanja, natafuta pua yangu. Hata refa nilimkagua, akanipa kadi ya njano kwa kumkodolea macho.

Basi Alhamisi moja, Form Three, mwalimu wa dini akatufundisha Siku ya Upatanisho. Ni mama mpole, wa sauti ya chini, na huwa namsumbua kwa sababu hapigi. Akaeleza kwamba zamani, mara moja kwa mwaka, walileta mbuzi wawili. Wa kwanza alichinjwa. Wa pili kuhani alimwekea mikono kichwani, akatamka juu yake makosa ya watu wote, halafu mbuzi akapelekwa jangwani na huo mzigo, aende nao moja kwa moja.

Nikainua mkono. “Mwalimu, na huyo mbuzi akirudi?”

Darasa likaanza kucheka kabla hajajibu.

“Akirudi wapi?”

“Nyumbani. Mbuzi hurudi, mwalimu. Sisi tuliuza mmoja sokoni, akafika kwetu kabla mnunuzi hajafika kwake.”

“Huyu hakurudi.”

“Tunajuaje? Kuna mtu alimfuata?”

“Huko jangwani angekula nini?” mwingine akadakia. “Angekuwa wa Ukambani angeliwa yeye, na dhambi zake, na supu!”

Jirani yangu wa dawati akaninong'oneza, lakini kwa ile sauti ya kunong'oneza darasa zima: “Lakini wewe ndio huyo mbuzi, msee. Si walikuwekea mikono ukiwa tumboni?”

Walicheka mpaka wa darasa la jirani wakachungulia. Mimi nilicheka kuliko wote, nikapiga dawati, nikalia “Meee!” Mwalimu akanitoa nje. Nikasimama pale nje juani nikiwa bado na kicheko usoni, na kikawa kigumu, kama matope yaliyokauka. Kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mimi ndiye niliyewekewa mkono. Mtu alifanya kosa, wengine wakaenda mbele wakakaa kwenye benchi zenye mgongo, na kosa likabaki na miguu, likaenda shule, likavaa sare. Kila mamangu akinitazama anaona kwa nini hanywi kile kikombe. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Sijatia chumvi hapo, na ni mahali pekee kwa hadithi hii ambapo sijatia.

Jumamosi ikafika na mbuzi akawa yupo, mweupe kama karatasi.

Nilianza na wao. Ubavu wa kulia: MIZANI YA NDENGU INADANGANYA. Kila mkulima wa ndengu huku anajua ni mizani ya nani. Ni ya yule mzee anayebeba sinia. Chini yake: MAJI YA TANKI LA KANISA HUENDA WAPI. Ubavu wa kushoto: KALUVU NYUMA YA POSHO MILL, na kaluvu ni pombe yetu ya kienyeji, na aliyekuwa akiinywa huko nyuma ya kinu cha unga ndiye mwenyekiti wa vijana, anayetuhubiria tunywe soda tu. Halafu kwenye paja: WANAOSENGENYA WAKIOMBA. Sikuandika jina la mtu. Kijiji kidogo hakihitaji majina.

Mbuzi alikuwa ametulia. Alilelewa kwa chupa na susu mamake alipokufa, kwa hivyo kukaliwa na mtu anaona ni mapenzi. Nilikuwa nimemaliza. Ningemwacha hapo ingekuwa ni utundu tu, wangenichapa, yakaisha. Lakini wino ulikuwa umebaki, na hasira pia. Nikamgeuza. Kwenye tumbo, pale manyoya ni machache na ngozi ni ya waridi, nikaandika kwa herufi ndogo: DHAMBI YA MAMA: MIMI.

Halafu nikampeleka ng'ambo ya mto wa mchanga, mbali, kwenye miiba. Nikamwekea mikono kichwani. Nilikuwa nataka kucheka na sikuweza. “Nenda,” nikamwambia. “Beba. Usirudi.” Nikamrushia vijiwe vya kumkosa. Akaniangalia, akala jani moja, akaniangalia tena. Nikakimbia mimi.

Jioni susu akauliza, “Mbuzi wa Mungu yuko wapi?”

“Labda fisi, susu.”

“Fisi wa mchana?”

“Siku hizi wamebadilika.”

Alinikata jicho lililonifikia kwenye figo. Alizunguka boma akimwita kwa ule mwito wake, nusu wimbo nusu matusi, hadi giza likaingia, na mbuzi hakuja. Nikafikiri, kumbe mwalimu alikuwa sawa. Kumbe huwa hawarudi. Nikalala kama mtu aliyetua gunia.

Jumapili ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Pasta wetu ni kijana, aliletwa mwaka huu kutoka Kambu, bado anauliza njia. Alihubiri vizuri nadhani. Mimi nilikuwa nahesabu misumari ya paa. Sinia likaanza kuzunguka, kanisa likawa na kile kimya cha watu wanaojaribu kutokohoa. Mzee wa mizani akafika kwetu. Akainua sinia. Mamangu akavaa ule uso. Na susu, aliyekuwa benchi ya tatu, akashikwa na roho akaanza kuomba kwa sauti, akimlilia Mungu amrudishie sadaka yake.

Sauti ya susu. Hilo sikulipigia hesabu. Mbuzi wa chupa hajui jangwa, anajua sauti.

“Meee,” mlangoni.

Aliingia kama mtu aliyechelewa ibada na hana aibu. Shingoni hana kamba, ubavuni ameandikwa, akapita katikati ya wanaume na wanawake polepole, tok, tok, tok, kwenye simiti. Mwanzoni watu walicheka tu, mbuzi ni mbuzi. Lakini mbele kulikuwa na mtoto wa Sunday school, msichana wa darasa la kwanza, ambaye ndio tu amejua kusoma na anasoma kila kitu, hata magunia. Akasimama juu ya kiti akasoma kwa sauti ya shule.

“Mi-za-ni... ya nde-ngu... i-na-da-nga-nya!”

Kikombe kimoja kikaanguka kwenye sinia.

“Ka-lu-vu... nyu-ma ya...”

Mamake akamziba mdomo, lakini mbuzi alikuwa amegeuka, akawaonyesha wengine ubavu wa pili. Nyuma kwa akina mama mtu akapasuka kicheko, mwingine akasema, “Ai, kumbe hata ya tanki imo!” Mwenyekiti wa vijana akakumbuka ameacha kitu nje. Mzee wa mizani alirudisha sinia mezani kule mbele, akageuka. Hakutafuta. Alikuja moja kwa moja na kidole.

“Mtoto wa nidhamu!” akasema. “Mnaona? Nimewaambia miaka yote. Dhambi haifugwi. Ukiifuga inakua, inaenda shule, inajua kuandika!”

“Lakini amesema uongo?” sauti fulani ikauliza kutoka kwa wanaume, na hadi leo hajajitokeza.

“Nyamaza wewe! Huyu hakuzaliwa kwa baraka. Mama anajua. Mama amekaa hapo miaka yote hiyo kwa sababu anajua.”

Nikageuka kumwangalia mamangu, na nitasema kweli, nilikuwa namwomba kwa macho akatae. Hakukataa. Alisimama, akatembea katikati ya kanisa mpaka mbele, mahali ambapo hajakanyaga tangu nikiwa mchanga, akamshika mbuzi sikio, alipofika kwangu mlangoni akanishika langu. Tukatoka hivyo, watatu.

Nyumbani aliweka karai, akamwaga maji ya jerikani nzima, akatia sabuni ya unga, akaanza kumsugua mbuzi kwa gunzi la mahindi. Ile maka peni ni ya kushindana na asidi. Povu lilikuwa jeusi na maneno bado yapo. Baada ya robo saa MIZANI ilikuwa imekuwa MIZA. Nilikuwa nimeshika pembe. Kutoka kanisani tulisikia kelele, kisha wimbo wa kufunika kelele.

“Geuza,” mamangu akasema.

“Tumbo ni safi, mwaitu.” Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na namwita hivyo nikiwa na makosa.

“Nimesema geuza.”

Nikamgeuza. Akasoma. Gunzi likasimama.

“Nani ameandika hii?”

“Mbuzi,” nikasema. Sijui kwa nini. Mdomo wangu haunisubiri.

Hakucheka. “Nani?”

Na hapo ndipo kitu kilikatika. “Ni mimi! Ni mimi nimeandika na ni ukweli! Si umesikia yule mzee? Ni nini unangoja huko nyuma? Si usome tu hiyo karatasi yao, uende mbele ukunywe juisi na wenzako? Miaka kumi na saba! Unaona aibu kusema ni mimi? Kila mtu anajua ni mimi! Sasa hata mbuzi anajua!”

Nilipiga karai teke. Mbuzi akatoka mbio akasimama mbali, ananuka sabuni. Mamangu alijipangusa mikono na leso, akaingia nyumba, nikafikiri ameenda kuchukua fimbo, nikasema wacha ije. Alirudi na karatasi imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni.

“Soma.”

“Sitaki.”

“Soma. Si wewe ndiye mwandishi?”

Ilikuwa imepigwa chapa na mashine ya zamani, herufi zinaruka. Mstari wa kwanza ulisema kwamba mbele ya Mungu na kanisa hili anatubu uasherati wake. Sawa. Mstari wa pili ulisema: natubu pia dhambi hii niliyoizaa, ambayo itakaa mbele ya macho yangu siku zote.

Nilisoma mara mbili. “Dhambi hii niliyoizaa,” nikasema. “Hii ni nani?” Nilijua.

“Ni wewe. Nilikuwa nimekubeba mgongoni, una miezi mitatu, unatafuna leso. Nikasimama pale mbele. Mstari wa kwanza niliusoma kwa sauti mpaka walio nje wakasikia, kwa maana ni kweli nilikosa, na Mungu nilimwambia kabla yao. Nikafika wa pili nikafunga karatasi. Wakasema isomwe yote au hakuna. Nikarudi nikaketi.”

“Ukaketi.”

“Nikaketi. Kila mwaka wananiuliza kama niko tayari, na kila mwaka nawaambia wafute mstari mmoja.”

Sikuwa na mzaha wowote. Uliwahi kutafuta mfukoni na mfuko wenyewe haupo? Nilikuwa nimeishi na ule uso wake wa Meza ya Bwana nikiusoma vibaya kwa miaka yote hiyo, mimi mjanja, mimi ninayesoma watu. Nilifikiri ni aibu. Kumbe ulikuwa ubishi. Mstari mmoja! Angeusoma kwa sekunde nne, angekaa mbele, angeegemea. Alichagua msumari.

Wacha nimalize ya kanisa kwanza, kwa sababu alichosema baada ya hapo nataka kiwe mwisho, kisifuatwe na maneno yangu.

Wazee waliniita baada ya wiki mbili nitubu mbele ya watu. Nilisimama. Niliomba msamaha kwa kumwibia mwalimu wa maabara, kwa kumdanganya susu kuhusu fisi, kwa kuaibisha watu ndani ya nyumba ya Mungu, na kwa mbuzi. Mzee wa mizani akaniuliza, “Na lingine?” Nikamwambia lingine halipo. Akaniambia nitafute vizuri. Nikamwambia nimetafuta, na nikamtolea pasta ile karatasi. Pasta hakuwa ameiona. Aliisoma akiwa amesimama, halafu akaketi ili aisome tena. Alisema haiwezi kusomwa kwa kanisa lake hata siku moja. Wazee wakasema ni karatasi ya tangu zamani, jambo lipelekwe kwa kamati. Kamati bado inakaa. Mamangu pia bado anakaa.

Nina hasira? Sana. Nikiona sinia linainuliwa, masikio yananiwaka. Mzee ana mizani mpya sasa, ya rangi nyekundu, na hakuna benchi aliyowekwa yeye. Matinyani kuna mtu wa tai. Nikisema nimewasamehe wote nitakuwa naongeza la kuandika kwenye mbuzi mwingine. Ninaomba kuhusu hilo, kwa maneno mafupi, na siku zingine naomba nikiwa nimekunja ngumi. Lakini ile hasira iliyokuwa inanitafuna mimi mwenyewe, ile ya kuamka asubuhi ukijiona kama doa, imeondoka, na najua ilivyoondoka na nani aliiondoa. Nimejiandikisha darasa la ubatizo. Pasta alinishika mkono akiwa na wasiwasi, kama mtu anayepokea kuku asiyefungwa miguu.

Na lile swali langu la darasani, nililijibu mwenyewe. Mwalimu, na akirudi? Wangu alirudi, kwa sababu ni mbuzi, na alirudi na kila kitu, herufi kwa herufi. Yule aliyebeba kweli pia alirudi. Alirudi siku ya tatu. Lakini mzigo hakurudi nao. Nilimweleza mwalimu hivyo na akaniambia niketi, na ilikuwa mara ya kwanza ananiambia niketi badala ya nitoke.

Mbuzi hakununuliwa. Nani atakula dhambi ya tanki? Susu alimpa Mungu kuku wawili badala yake. Manyoya yamemea upya, ukitazama kwa mwanga wa pembeni unaona kivuli cha herufi ubavuni, lakini tumbo ni safi kabisa, kwa sababu tumbo mamangu alilisugua mwenyewe siku ileile.

Tulikuwa tumemrudisha kwenye karai. Mimi nilikuwa nimeinama juu yake nikijifanya ni povu limeniingia machoni. Mamangu aliloweka gunzi, akaweka kidole juu ya neno la mwisho, akasema hivi:

“Siku ile niliposoma mstari wa kwanza, Yesu aliichukua dhambi yangu yote, hakuniachia hata punje ya kufunga kwa leso. Nikaenda nyumbani, nikakushusha mgongoni, na wewe bado ulikuwepo, unalia unataka ziwa. Ungekuwa wewe ndiyo dhambi, si angeenda na wewe? Sasa acha kumlilia mbuzi, ni mara ya pili ameoshwa leo. Mshike miguu tumalize tumbo.”